Dinosaria Waliokuwa Wakingoja Mvua

Kuna mtoto mmoja nimemwonea wivu tangu nikiwa darasa la pili, na mtoto mwenyewe sasa ana kipara. Ana kitambi pia, cha wastani, na miwani anayoipandisha juu ya paji la uso akitaka kusoma kitu kwenye simu. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba nilikua nikayaacha. Sikuyaacha. Watu husema wivu ni wa watoto wadogo na wa wapenzi. Wangu ulikuwa wa kitabu cha picha, nao umekaa nami kuliko marafiki wengi niliowahi kuwa nao.

Kazi yangu ni kuuza sare za shule katika duka dogo la ghorofani, katikati ya mji. Nikishuka kutafuta chai hupita kando ya watu wanaouza vitabu vya mitumba. Wanavitandaza chini juu ya nailoni, nawe ukitaka kuchagua huna budi kuinama. Majuzi nilimwona mama mmoja ameinama pale na mtoto wake, mtoto ameshika kitabu cha dinosaria kwa mikono miwili. Mama akamwambia, "Shika vizuri, tutasoma tukifika nyumbani." Nilisimama nikasahau chai. Mimi ni mtu mzima, nina binti aliyekwisha kumaliza shule, na nilimwonea kijicho mtoto wa watu ambaye hajanikosea lolote.

Mimi na mama tulikaa Kangemi, chumba kimoja kwenye ploti ya mabati yenye bomba moja la maji. Mama alitoka Ukambani akiwa msichana, akaja kutafuta kazi ya nyumba, na kazi aliyoipata ilikuwa Lavington, ng'ambo ya bonde. Kila asubuhi aliteremka hadi kijito, akavuka, akapanda upande wa pili ambako nyumba zina ua na mbwa wana vyakula vyao maalumu. Mimi aliniacha kwa jirani hadi saa ya kwenda shule. Jioni alirudi akinukia sabuni ya nyumba nyingine.

Huko Lavington kulikuwa na mvulana, mdogo kwangu kwa miaka michache. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua kuliko nilivyowajua watoto wa ploti yetu, kwa sababu mama alirudi naye mdomoni kila jioni. Mtoto leo amekohoa. Mtoto leo amekataa maharagwe. Mtoto ameanguka kwenye baiskeli, lakini si sana. Katika mazungumzo ya mama, "mtoto" alikuwa yeye. Mimi nilikuwa "wewe". Wewe, leta maji. Wewe, umemaliza kazi ya shule? Nilikuwa nimekwisha kulizoea neno hilo, lakini nilipozoea ndipo roho ilipoanza kuniuma.

Nguo zake hazikunitosha, kwa hiyo kilichonifikia kutoka kule ni vitu alivyovichoka: kalamu za rangi zilizokatika, gari lisilo na magurudumu, mpira uliotafunwa na mbwa. Nilivipokea nikasema asante, kisha nikavisukuma chini ya kitanda. Kitabu kilipokuja nilijua kimepita njia ileile.

Kilikuja siku ya mvua. Mama alikuwa amekiviringisha ndani ya leso, leso ameitia ndani ya juala la plastiki, na yeye mwenyewe alikuwa amelowa chepechepe. Alikitoa polepole, akapitisha kiganja juu yake kuhakikisha ni kikavu, akanipa. "Shika," alisema. "Ni chako."

Kilikuwa kikubwa, jalada lake gumu, mgongo umeachia na kushikiliwa kwa gundi ya karatasi. Vitabu nilivyovijua mimi ni vya shule, vyembamba, tulivyogawana watatu kwa kimoja, na picha zake unakisia kama huyo ni ng'ombe au ni meza. Hiki kilikuwa na rangi kila mahali. Kulikuwa na mnyama mwenye shingo ndefu amesimama majini hadi tumboni, majani yananing'inia mdomoni. Kulikuwa na mwenye pembe tatu na shingo iliyozungukwa na ngao. Mwingine alikuwa na vipande vilivyosimama mgongoni mfano wa mabati yaliyong'olewa na upepo. Na kulikuwa na yule mkubwa mwenye meno, ambaye kila mtoto duniani humjua, na vikono vyake viwili vidogo vya kuchekesha. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, marefu, nami nilijua neno moja hapa na moja pale. Sikujali. Nililala nacho kifudifudi kitandani nikahisi kwamba chumba chetu kimeongezewa dirisha.

Kisha nikaanza kuona madoa. Karibu kila ukurasa ulikuwa na lake. Mwenye shingo ndefu alikuwa na doa la manjano la ndizi lililokauka kando ya goti. Mwenye pembe tatu alikuwa na alama ya mchuzi. Yule wa meno alikuwa amechafuka vibaya zaidi, kuna punje ya wali iliyokuwa imegandia kwenye mkia wake na sikuweza kuibandua bila kuchuna rangi. Ukurasa wa mwisho tu ndio uliokuwa safi. Humo wanyama wote walikuwa wamesimama pamoja, wameinua vichwa, wanaangalia kitu chenye mwanga kilicho mbali angani.

Mama alikuwa ameinama kwenye jiko akikatakata sukuma wiki, amenipa mgongo. Nikamuuliza huyu mwenye shingo ndefu anafanya nini majini.

"Amechungulia ng'ambo ya kilima aone kama mawingu yanakuja," alisema bila kugeuka. "Halafu nyuma yake kuna moshi, si ndiyo? Huko kuna mtu anachoma makaa."

Nilitazama. Kweli, nyuma yake kulikuwa na mlima unaotoa moshi. Nikafungua ukurasa mwingine, nikamtajia yule wa meno. Mama akageuza sauti ikawa nzito, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake: "Huyo ana hasira kwa sababu mikono yake ni mifupi, haifiki mdomoni. Hajawahi kushiba kwa mkono wake. Angelishwa angetulia."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nikafungua wa tatu, wa nne, naye akajibu kila mmoja huku anakata mboga, hakuangalia hata mara moja. Ilinichukua muda kujiuliza lile ambalo mtoto mwerevu angejiuliza mapema. Amezijuaje picha bila kuzitazama?

"Mama, umesoma hiki kitabu?"

"Kusoma nitasoma nini? Hicho nimelishia mtoto." Akanieleza bila kujua anachokifanya. Mtoto alikuwa mgumu kula. Anafunga mdomo, anageuza uso, anatema. Basi mama akavumbua njia yake. Kila ukurasa una kijiko chake. Mnyama anatajwa, anafanyiwa sauti, mdomo unafunguka, kijiko kinaingia. Na ukurasa haufunguliwi mpaka mdomo uwe mtupu. Wa mwisho waliutazama baada ya sahani kwisha na mikono kunawa. "Bila hicho hali," mama alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya fundi anayezungumzia kazi yake. "Na hicho anamaliza sahani."

Kicheko kilinikauka. Zile sauti nilizodhani zimezaliwa usiku ule kwa ajili yangu zilikuwa zimetumika. Zilikuwa na madoa pia. Mama yangu alikuwa ameketi na mtoto mwingine mchana kutwa, bega kwa bega, amemfanyia sauti nzito na sauti nyembamba, na mimi nilikuwa naletewa masalio, baada ya kazi, kwa mgongo.

Chakula kilipoiva nilikaa nikashika mikono magotini. "Nilishe," nilisema.

Mama alicheka kweli kweli. "Wewe? Wewe ni mtu mkubwa. Wewe si unakula mwenyewe tangu ulipojua kukaa?" Na kesho yake nikamsikia bombani akimwambia jirani, "Huyu wangu hanisumbui. Huyu ukimpa sahani umemaliza." Alikuwa ananisifu. Sijawahi kuchukia sifa kama nilivyoichukia ile.

Nikaamua kusumbua. Siku iliyofuata alipika muthokoi, chakula cha kwao, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, ambacho nakipenda mpaka leo. Nikafunga mdomo. Nikageuza uso ukutani. Kitabu nilikuwa nimekiweka kando ya sahani, kimefunguliwa tayari kwenye yule wa meno, ili asipate shida ya kutafuta. Mama alinitazama kidogo. Alikuwa amesimama kutwa nzima, miguu imevimba, na kuna nguo zangu za shule alizokuwa bado hajafua. Akachukua sahani nyingine akaifunikia ile yangu. "Njaa ikikuuma iko hapo," alisema, akaenda kufua.

Niliila asubuhi, ikiwa baridi, nikiwa nimenuna. Hakuna aliyenifanyia sauti.

Sikukichukia kitabu, hapo ndipo pagumu. Nilikipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Nilikivisha karatasi ya kalenda ya zamani kama tulivyofanya vitabu vya shule, upande mweupe nje. Nilizijua hadithi zote za mama kwa moyo, kwa sababu nilimchokoza akiwa anapika mpaka akazitoa moja moja. Katika hadithi zake wanyama wale wote walikuwa watu wa Ukambani. Mto ulikuwa wa mchanga na maji yake huchimbwa. Mwenye pembe tatu alikuwa mlinzi wa kisima, hapitishi mtu asiyesalimia. Na katika ukurasa wa mwisho walikuwa wameinua vichwa kwa sababu mvua inakuja. Mama hakuona jinsi picha ile ingeweza kuwa na maana nyingine. Alikokulia, umati ukisimama uwanjani na kutazama juu, hakuna haja ya kuuliza wanatazama nini.

Nilipofika madarasa ya juu mwalimu wa sayansi akatwambia ukweli. Ni jiwe. Jiwe kubwa lilitoka angani likaanguka, vumbi likafunika jua, wanyama wale wakafa wote. Wenzangu walisikitika. Mimi nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Niliwaza kwamba kule Lavington kuna mvulana aliyelishwa uongo kwa kijiko, kwamba sasa kuna kitu ninachokijua mimi ambacho yeye hakijui. Mama sikumwambia. Kitu hicho nilikitaka kiwe changu peke yangu.

Miaka ikaenda. Mvulana akapelekwa shule ya bweni, mama akahamia kwa waajiri wengine, lakini kila Krismasi kulikuwa na salamu kutoka kwa "mtoto". Alipomaliza chuo kikuu wakamtumia mama picha yake amevaa joho. Mama alipochoka kazi na kuja kukaa nami Riruta, kitu cha kwanza alichokiomba ni msumari. Picha ile ikatundikwa sebuleni kwangu, kando ya picha yangu ya harusi. Mimi chuo kikuu sikufika. Kila nilipofagia nilipishana macho na lile joho, na kuna siku nililipangusa vumbi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Halafu mwaka huu mama akapatwa na kiharusi. Aliamka asubuhi mkono wa kushoto haumsikii na mdomo umevutwa upande. Tukamkimbiza hospitali huko Upper Hill, akalazwa. Baada ya siku kadhaa madaktari walisema hatari ya kwanza imepita, na ya pili ni kwamba hataki kula. Kumeza anaweza, walimpima. Hataki tu. Anafunga mdomo na kugeuza uso. Muuguzi, mama mmoja wa makamo mwenye huruma, alinieleza wazi kwamba asipoanza kula watampitishia mpira puani, na mama alikwisha kuonyesha kwa mkono wake mzima kwamba mpira atauvuta autupe.

Nilimbembeleza. Nilimletea uji wa wimbi, nilimletea ndizi za kuponda, nilimletea muthokoi niliouponda mpaka ukawa laini. Nilimwambia mama tafadhali. Nilimwambia mama, usinifanyie hivi. Alinitazama kwa upole, mdomo umefungwa, na mimi nikarudi Riruta na chupa iliyojaa vilevile nilivyokuja nayo. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba ameamua, na kwamba katika hesabu yake ya mambo yanayomfanya mtu abaki, mimi sikutosha.

Siku moja nilifika saa ya kuona wagonjwa nikakuta mtu ameketi kwenye kiti changu. Ana kipara, miwani iko juu ya paji la uso. Mkono mmoja ameshika simu mbele ya macho ya mama, mkono wa pili ameshika kijiko.

"Huyu ako na hasira ya nini, Anti?" alikuwa anamuuliza.

Mama alifikiri. Maneno yalimtoka polepole, yakiburuta. "Mikono… mifupi."

"Na anataka nini?"

"Alishwe."

"Haya basi. Tumlishe."

Na mama akafungua mdomo. Kijiko kikaingia. Akameza, mtu yule akangoja mpaka akahakikisha mdomo ni mtupu, kisha akasukuma kwa kidole picha nyingine ikaja kwenye simu.

Nilisimama miguuni pa kitanda na chupa yangu ya uji kwapani. Mama yangu alikuwa anakula. Hilo ndilo nililokuwa nimeliomba kwa magoti. Ningepaswa kwenda kumkumbatia mtu yule, lakini nilichotaka ni kumpokonya kijiko. Mdomo uliokataa kunifungukia siku zote zile ulikuwa unamfungukia "mtoto", na mtoto alikuwa na mvi masikioni.

Aliponiona akasimama haraka. "Sasa. Pole sana, sista. Wewe lazima ndio ule wa kitabu."

Mama alipolala tulitoka kwenye ukumbi, tukasimama dirishani. Alikuwa amesikia habari za ugonjwa kwa jirani wetu wa zamani, akaja mbio. Alizungumza kwa wasiwasi, anavua miwani na kuivaa. Halafu akasema, "Na ile kitabu yangu bado mko nayo?"

Nikamjibu kwa ile adabu ninayowawekea wateja wasumbufu. "Ni changu. Nilipewa baada ya wewe kukichoka."

"Kuchoka?" Alinigeukia. "Nani alikuambia nilichoka? Nilikuwa nakula na hiyo kitabu kila siku. Siku moja nimekaa mezani, kitabu hakuna. Kuuliza, naambiwa imeenda Kangemi."

"Si mama yako ndiye alikitoa?"

"Mum hakujua hata ni kitabu gani. Ni Anti aliiomba. Nilikuwa hapo, nilisikia. Alimwambia ako na mtoto wake nyumbani hajawahi kusomewa hata siku moja, na huyu wako nimemsomea yakatosha. Mum akasema chukua. Nililia mpaka nikatapika." Akacheka kidogo, lakini si sana. "Nilikuwa nakuchukia wewe, na sijawahi kukuona."

Mama hakuwa mtu wa kuomba. Chumvi ikituishia tulikula bila chumvi kuliko kubisha mlango wa jirani. Na kitabu kile kilikuwa chombo chake cha kazi, kile kinachommalizia sahani. Alikwenda akakiomba kikiwa bado kinatumika, akakitoa mdomoni mwa mtoto aliyempenda, akavuka nacho bonde kwenye mvua.

"Sasa ulikula vipi baada ya hapo?" nilimuuliza.

"Alinishikisha kijiko. Akaniambia huko Kangemi kuna mtu anakula mwenyewe, hata mimi naweza." Akaivaa miwani. "Halafu shuleni nikaaibika. Ticha anasema ni jiwe liliwaua, mimi nabisha, nasema hapana, walikuwa wanangoja mvua. Darasa yote ikanicheka. Lakini si unajua, mpaka leo nikimweleza msichana wangu hiyo maneno ya jiwe naona ni kama namdanganya."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha pale dirishani. Haukuniisha. Mimi nilipewa karatasi, yeye alipewa sauti, na sauti ndiyo niliyoitaka. Lakini kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni nikaona mtu aliyenyang'anywa kitu, na aliyenufaika ni mimi.

"Niletee hiyo kitabu kesho," alisema. "Simu inamuumiza macho. Nitakuja lunch nimlishe."

"Kitabu nitaleta," nilisema. "Kijiko nitashika mimi."

Akainua mikono. "Sawa, sista. Sawa."

Kesho yake nilikitoa juu ya kabati Riruta, bado kimevaa kalenda yake, nikakifunga kwa leso. Niliketi na mama upande wa mkono wake mzima, bega kwa bega, nikafungua wa kwanza. Nikamfanyia mwenye shingo ndefu sauti yake. Mama alikunja uso. "Pole… pole," alisema, na nikarudia polepole, naye akakubali uji. Tulikwenda hivyo. Nilipomkosea mlinzi wa kisima alinikosoa. Nilipofika kwenye yule wa meno akaweka kidole juu ya ile punje ya wali, bado ipo, akatabasamu kwa ule upande uliobaki. Sikuuliza anamkumbuka nani. Nilijua, na roho iliniuma kidogo, nikajaza kijiko kingine.

Bakuli lilikuwa limebakiza uji wa chini tulipofika ukurasa wa mwisho, ule msafi. Wanyama wote, vichwa juu.

"Wanaangalia nini, mama?"

"Mvua."

"Inakuja?"

"Imekaribia," alisema. Kisha akaacha kuangalia kitabu akaniangalia mimi, muda mrefu, mpaka nikadhani amechoka.

"Wewe," alisema. "Wewe hukunisumbua."

"Ndiyo, mama."

"Ulikula mwenyewe."

Aliunyoosha mkono wake mzima akachukua kijiko kutoka mkononi mwangu. Akakichovya. Kilipanda kikitetemeka, kikimwagika njiani, juu ya shuka, juu ya mkono wangu, kikaja mpaka mbele ya uso wangu kikasimama.

"Fungua mdomo," alisema.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanatazama. Nikafungua. Nusu ya uji iliingia, nusu ilinichuruzika kidevuni ikadondoka juu ya wale wanyama waliosimama wakingoja. Mama alisubiri mpaka nikameza. Muuguzi aliyekuwa anapita akanipa karatasi ya kujipangusia, nikamshukuru, nikajifuta kidevu. Ukurasa sikuufuta.